Darasa la Watu Kumi na Wanane: Faida na Gharama ya Kujuana

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, wazazi wa hapa Voi na wale wa milimani, kuanzia Wundanyi hadi Mwanda na Mgange, huniuliza swali moja kwa maneno tofauti. Mtoto amepata nafasi ya diploma ya biashara katika chuo cha hapa karibu, na darasani wako kumi na watano tu. Je, aende, au asubiri chuo kikubwa cha Nairobi? Nyuma ya swali hilo kuna hofu ambayo wengi huona haya kuitamka: kwamba darasa dogo ni dalili ya chuo kilichokosa wanafunzi, na chuo kilichokosa wanafunzi lazima kiwe na kasoro.

Mimi ni zao la darasa kama hilo. Nilisoma diploma ya usimamizi wa biashara mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tulipoanza tulikuwa kumi na wanane. Chuo chenyewe nitakiacha bila jina, kwa kuwa nitasimulia matamu yake na machungu yake. Ninalotaka kueleza leo ni hili: darasa dogo lina mali ambayo darasa kubwa halina, nayo ni kujuana. Lakini kujuana ni mtaji kama mtaji mwingine wowote. Ukiufanyia hesabu huzaa, ukiuacha hivi hivi huliwa.

Mtihani ni ule ule

Kwanza tuondoe wasiwasi wa karatasi. Diploma niliyosoma mimi ilitahiniwa na Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC. Mtihani ulitungwa mahali pamoja na kufanywa siku moja na saa moja nchi nzima. Aliyekuwa katika darasa la watu mia mbili na aliyekuwa katika darasa la kumi na wanane walifungua karatasi ile ile ya uhasibu, ile ile ya uchumi, ile ile ya sheria ya biashara. Siku hizi vyuo vingi vinahamia mtaala wa umilisi chini ya TVET CDACC, ambapo mwanafunzi hupimwa kwa kazi anazoweza kufanya, lakini kipimo bado ni cha kitaifa. Cha muhimu kwa mzazi ni kuhakikisha kwamba chuo na kozi yenyewe vimeidhinishwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013 kusimamia vyuo vya kiufundi. Udogo wa darasa hauipunguzii diploma thamani.

Na sisi watu wa kaunti hii hatuna sababu ya kudharau elimu iliyo karibu. Coast Institute of Technology ya hapa Voi ni miongoni mwa vyuo vya teknolojia vilivyozaliwa na harambee za miaka ya 1970, wananchi walipochanga kidogo kidogo ili watoto wapate ufundi. Chuo Kikuu cha Taita Taveta nacho, upande wa Mwatate, kilipata hati yake mwaka 2016. Vyuo hivi vipo ili mtoto wa Mwanda asilazimike kulipia chumba cha Nairobi ndipo ajifunze kusoma mizania.

Gunia la kabichi kutoka Mwanda

Sasa tuingie darasani. Kuna somo linaloitwa hesabu za gharama. Kitabuni, mifano yake huwa ni ya viwanda: kiwanda cha viatu, kiwanda cha sabuni. Katika darasa letu kulikuwa na msichana kutoka Mwanda ambaye mama yake alilima kabichi na kuzipeleka soko la Kongowea, Mombasa. Kwa kuwa tulikuwa wachache, mwalimu alizijua kazi za wazazi wetu wote. Siku moja aliacha kiwanda cha sabuni kando, akamwambia binti yule, "Wikendi ukienda nyumbani, muulize mama kila senti iliyoingia katika lile shamba."

Nitatumia tarakimu za mfano ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme shamba limetoa magunia 40. Mbegu na mbolea 9,000, dawa 3,000, vibarua 5,000. Gari la kushusha mzigo hadi Kongowea ni 150 kwa gunia, yaani 6,000. Dalali huchukua 50 kwa gunia, yaani 2,000. Jumla ni shilingi 25,000. Gunia likiuzwa 700, zinaingia 28,000. Mama amebaki na 3,000 mkononi, na kwa macho ya mtu wa kawaida hiyo ni faida.

Hapo mwalimu aliuliza swali moja tu: na jasho la mama na binti ni bure? Tukahesabu siku 30 za kila mmoja kwa shilingi 200 kwa siku, ikawa 12,000 zaidi. Gharama ikapanda hadi 37,000. Kila gunia lilikuwa limegharimu 925 na kuuzwa 700. Familia ilikuwa ikipoteza 225 kwa kila gunia, shilingi 9,000 kwa msimu mzima, huku ikiamini kwamba inafanya biashara.

Nimesahau mengi niliyosoma, lakini hili la kuhesabu jasho la mwenye shamba sijalisahau. Na halikutokana na akili za kupita kiasi za mwalimu. Lilitokana na idadi yetu. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia mbili mbele yake hawezi kujua nani mama yake analima nini. Hata akijua, mtoto gani atasimama mbele ya watu mia mbili asiowajua aanike hesabu za nyumbani kwao?

Ndiyo sababu hata shule kubwa za biashara duniani hutafuta udogo kwa makusudi. Harvard Business School, iliyofunguliwa mwaka 1908, huwagawa wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza wa MBA katika mafungu ya watu takriban 90, na kila fungu husoma masomo yale yale pamoja mwaka mzima, wakijadili visa vya biashara halisi. Wao hulazimika kuukata umati ili wapate vikundi. Sisi tumepewa kikundi tangu mwanzo, tena kidogo kuliko chao, kisha tunakionea haya.

Hakuna pa kujificha

Lakini tusidanganyane. Wiki ile ile ya kabichi, mwanafunzi mmoja alianza kumwita binti yule "Bi Hasara". Kwake ulikuwa utani. Kwa binti ilikuwa ni mama yake anayechekwa. Alikaa siku mbili bila kuja darasani, na kwa kuwa tulikuwa kumi na wanane, kiti chake kitupu kilionekana na kila mtu.

Hiyo ndiyo bei ya kujuana. Katika darasa kubwa unaweza kugombana na mtu ukahamia upande wa pili wa ukumbi, msionane hadi siku ya kuhitimu. Katika darasa dogo aliyekuudhi jana ndiye mtakayekaa naye kwenye kazi ya kikundi leo. Ukifukuzwa kwa sababu ya karo, wote wanajua. Ukipata alama mbaya, wote wanajua. Wakipendana wawili kisha wakakosana, darasa zima hugawanyika, kwa sababu hakuna wa tatu asiyemjua mmoja wao.

Kwetu aliyetuliza mambo alikuwa mwanafunzi mwenzetu, mwanamke wa makamo mwenye watoto watatu, ambaye sote tulimwita Mama. Alimfuata binti alikokuwa amepanga chumba, wakarudi pamoja. Kisha akatuwekea sharti mbele ya mwalimu: habari za nyumbani kwa mtu zikiletwa kwa ajili ya somo, mwisho wake ni hapo mlangoni. Tuliliandika kwenye karatasi na kulibandika ukutani. Linaweza kuonekana jambo dogo, lakini baada ya hapo wengine nao walianza kuleta hesabu zao: kibanda cha mahamri, bodaboda ya kaka, duka la vipuri la mjomba. Siri ilipopata ulinzi, somo likapata mifano.

Kuna na faida nyingine ya uchache ambayo sisi Waislamu wa darasa lile tuliionja. Tulipofika kwenye riba, tulikuwa watano tuliotaka kuuliza: tutaifanyia mtihani, sawa, lakini biashara zetu tutaziendesha vipi? Wakati huo benki za Kiislamu zilikuwa bado hazijafunguliwa Kenya. First Community Bank na Gulf African Bank zilianza kuhudumia watu mwaka 2008. Mwalimu wetu hakuwa Mwislamu, lakini alitupa kipindi kizima tueleze mauzo ya murabaha, ambapo mwenye mtaji hununua bidhaa na kumuuzia mteja kwa bei iliyotajwa pamoja na faida yake, badala ya kumkopesha pesa zizae pesa. Wenzetu Wakristo waliuliza maswali makali na ya haki. Katika ukumbi wa watu mia mbili sidhani kama mtu angepata nafasi hiyo.

Mchezo wa shilingi mia

Muhula wa pili tukaanza mchezo, chama cha kuzungusha pesa. Kila mmoja shilingi 100 kwa wiki, jumla 1,800, anapewa mtu mmoja, wiki inayofuata mwingine, hadi wiki ya kumi na nane. Hatukuandika kitu. Tulijuana, maandishi ya nini?

Mwenzetu mmoja alipokea wiki ya tatu. Baada ya wiki ya saba aliacha chuo, nyumbani kumeharibika. Alikuwa ametoa 700 na kupokea 1,800, kwa hiyo deni lake lilikuwa 1,100. Kuanzia wiki ya nane mfuko ukawa 1,700, na watu kumi na mmoja ambao zamu yao ilikuwa bado kila mmoja akawa amepoteza 100. Pesa hizo hazikuwa nyingi, lakini maneno yaliyozuka yalikuwa mengi. Wengine walikumbuka kwamba aliahidi kulipa kidogo kidogo, wengine wakakana. Wengine walisema zamu ya tatu aliomba, wengine kwamba alipewa kwa huruma. Hakukuwa na karatasi ya kuamua.

Wahenga walimaliza: mali bila daftari hupotea bila habari. Na kwa sisi Waislamu kuna aya nzima kuhusu jambo hili, aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani. Inaamrisha deni la muda liandikwe, liwe dogo au kubwa, na mashahidi wawepo. Aya hiyo haikushushwa kwa watu wasiojuana. Ilishuka Madina, mji ambao watu wake walijuana kwa majina na koo. Anayedhani daftari ni alama ya kutoaminiana hajaielewa. Daftari ndilo linalolinda uaminifu usiliwe na kumbukumbu mbovu.

Tuliuanza mchezo upya kwa masharti matatu: kila malipo yaandikwe na kutiwa sahihi, zamu zipigiwe kura, na kila anayepokea mapema awe na mdhamini ambaye zamu yake bado. Mzunguko wa pili uliisha salama.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba msingi huo huo, wa jirani kumjua jirani, ndio aliojengea Muhammad Yunus kule Bangladesh. Alianza mwaka 1976 katika kijiji cha Jobra kwa kuwakopesha maskini wasio na rehani yoyote, na mwaka 1983 ikawa Grameen Bank. Wakopaji hukaa katika vikundi vya watu watano watano wanaojuana, na mikutano na malipo huandikwa hadharani. Mwaka 2006 yeye na benki hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Riba yake ni mjadala wa siku nyingine. Linalotuhusu ni kwamba kujuana kuligeuka kuwa dhamana pale tu kulipowekewa utaratibu.

Marafiki wa karibu hawana habari mpya

Kuna udhaifu mmoja wa darasa dogo ambao wengi hawauoni hadi wamalize masomo. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala iliyokuja kusomwa sana. Aliwauliza watu waliobadilisha kazi karibu na Boston walipataje habari ya kazi hiyo. Wengi wa waliopata kupitia mtu walisema ni mtu waliyemjua kwa mbali, wanayeonana naye mara moja moja. Sababu yake ni nyepesi. Rafiki yako wa karibu anajua unayoyajua, kwa kuwa mnakaa pamoja na kusikia habari zile zile. Habari mpya huletwa na mtu wa mbali.

Sisi kumi na wanane tulipotafuta nafasi za mazoezi ya kazi, tulijikuta tunabisha milango ile ile: sacco zile zile, maduka yale yale ya jumla, hoteli zile zile za njia ya Tsavo. Kila tuliyemjua alikuwa anajulikana na wote. Binti wa Mwanda ndiye aliyetushinda. Alikwenda kwa dalali wa Kongowea aliyekuwa akiuza kabichi za mama yake, mtu aliyemjua kwa salamu tu, na huyo akampeleka kwa mfanyabiashara wa mboga aliyehitaji mtu wa kutunza vitabu. Alipata mazoezi, na alipomaliza chuo alirudi hapo hapo kuajiriwa.

Kwa hiyo mwanafunzi wa darasa dogo ana kazi ya ziada ambayo mwenzake wa Nairobi hana: kutoka nje ya duara lake kwa makusudi. Nenda kwenye mikutano ya chama cha ushirika, wajue madereva wanaoshusha mboga, msalimie meneja wa sacco hata kama huna shida naye leo. Wenzako watakufaa utakapougua au karo itakapokwama, lakini kazi utaisikia zaidi kwa watu wa nje.

Kwa nini madarasa haya yako hatarini

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Pesa za vyuo vya kiufundi hufuata vichwa. Kwa kiwango kilichowekwa mwaka 2018, karo ya mwanafunzi aliyepelekwa na serikali ilikuwa shilingi 56,420 kwa mwaka: serikali 30,000, mwanafunzi 26,420. Viwango hubadilika, lakini kanuni haijabadilika. Kwa hesabu hiyo, darasa la watu 12 huingiza 677,040, na darasa la watu 60 huingiza 3,385,200. Mwalimu wa uhasibu ni yule yule, mshahara ni ule ule, na chumba ni kile kile. Mkuu wa chuo akikaa na karatasi hiyo, ni rahisi kuona kwamba la kufunga ni lile la watu 12.

Simlaumu mkuu wa chuo anayefanya hesabu. Lakini tulijifunza kwenye kabichi kwamba hesabu isiyojumuisha jasho la mama ni hesabu ya uongo. Darasa la Voi likifungwa, mtoto wa Mwanda mwenye uwezo atakwenda Mombasa au Nairobi na kulipa kodi ya nyumba na chakula juu ya karo. Asiye na uwezo atabaki nyumbani, na gharama hiyo haitaonekana katika kitabu cha chuo chochote.

Kuna njia kati ya kufunga na kuacha hasara iendelee. Masomo ya pamoja kama mawasiliano, kompyuta na ujasiriamali yanaweza kufundishwa kwa idara tatu au nne kwa wakati mmoja, gharama ikagawanyika, na yale yanayohitaji daftari la mtu, uhasibu na hesabu za gharama, yakabaki katika vikundi vidogo. Na wawakilishi wetu wa wadi, ikiwemo wadi ya Mwanda/Mgange, wanapogawa basari wanaweza kuwafikiria kwanza wanaosoma ndani ya kaunti, ili vichwa vipatikane na madarasa yasife.

Kabla ya kujiandikisha

Mzazi, ukikiona chuo kidogo, usiulize tu wako wangapi. Uliza kama kozi imeidhinishwa. Uliza kama walimu ni wa kudumu au wanabadilika kila muhula, maana faida ya udogo hupotea ikiwa mwalimu hakai akawajua. Uliza wanafunzi wa mwaka jana walifanya mazoezi wapi, na chuo kiliwasaidia vipi kuyapata.

Nawe mwanafunzi, wiki ya kwanza mkishajuana majina, changeni pesa mnunue daftari moja gumu la kurasa mia mbili. Mchagueni wa kulitunza, na mwingine wa kumkagua. Andikeni humo michango, madeni ya nauli, na masharti mliyokubaliana. Mnaosomea biashara mnaweza kuianza siku hiyo hiyo, na ninyi kwa ninyi mtakuwa wateja na wadai wa kwanza.